Loreauville, kijiji cha Wakejuni: yanayosemwa na yaliyopo

Kusini mwa jimbo la Louisiana, Marekani, ukitoka mji wa New Iberia na kufuata maji ya Bayou Teche (bayou ni mto unaokwenda polepole) kuelekea yanakotoka, utafika Loreauville. Sensa ya 2010 ilihesabu hapo watu 887. Kuna kanisa, shule, karakana za boti, na mashamba ya miwa yanayoanza pale nyumba zinapoishia. Ni mahali ambapo mgeni hupita kwa gari asijue kama amepita. Lakini kila anayeandika juu ya Wakejuni, watu wa kusini mwa Louisiana wanaohesabiwa kuwa wazao wa Waakadia wa Kifaransa, jina ambalo wenyewe huliandika Cajun, hujikuta amefika hapa, na wengi hufika na hadithi walizokwisha kuzibeba mkononi. Hizi hapa ndizo ninazozisikia mara nyingi.

"Waingereza waliwafukuza Waakadia na kuwamwaga Louisiana"

Nusu ya kwanza ni kweli. Mwaka 1755 luteni gavana Charles Lawrence wa Nova Scotia aliamuru wakulima wa Kifaransa wa Acadia, katika Kanada ya leo, wang'olewe kwenye ardhi yao kwa kuwa walikataa kiapo cha utii kisicho na masharti kwa mfalme wa Uingereza. Nyumba zilichomwa, familia zikapakiwa melini. Lakini meli hizo hazikuelekea Louisiana. Zilikwenda Massachusetts, Maryland, Carolina, Georgia na makoloni mengine ya Waingereza. Waliopelekwa Virginia walikataliwa, wakasafirishwa tena hadi Uingereza na kuzuiliwa huko mpaka vita vilipokwisha mwaka 1763, ndipo wakapelekwa Ufaransa.

Louisiana walikwenda wenyewe, kwa makundi, miaka baadaye. Kundi linaloihusu Loreauville liliongozwa na Joseph Broussard, aliyejulikana zaidi kwa jina la Beausoleil. Huyu hakuwa mkimbizi mnyonge wa kwenye picha za kuchora. Alipigana na Waingereza msituni kwa miaka, akakamatwa, akafungwa, na alipoachiwa yeye na wenzake wakakodi chombo kwa fedha zao huko Halifax mwishoni mwa 1764. Walipitia Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, wakatia nanga New Orleans Februari 1765, watu wapatao 200.

Hapo pana kejeli ambayo vitabu vya watalii huiruka. Walidhani wanakwenda kuishi chini ya bendera ya Ufaransa, kumbe Ufaransa ilikwisha kuikabidhi Louisiana kwa Hispania kwa mkataba wa siri wa 1762. Maofisa wa Kifaransa walikuwa bado wanakaimu tu, wakimsubiri mwenye mali. Ndio hao waliowapeleka Waakadia wilaya ya Attakapas, kandokando ya Teche. Tarehe 4 Aprili 1765 wakuu wa familia walitia saini mkataba na mwenye ardhi mmoja, Antoine Bernard Dauterive: kila familia ipewe ng'ombe watano wenye ndama na fahali mmoja, iwalishe kwa miaka sita, kisha irudishe idadi ileile na kugawana naye ongezeko la kundi. Kwa hiyo Wakejuni wa mwanzo hapa walikuwa wafugaji.

Hawakukaa sana kabla ya kupatwa na msiba. Kiangazi na vuli ya mwaka huohuo ugonjwa wa mlipuko uliwaua zaidi ya 30 kati yao. Beausoleil mwenyewe alikufa Oktoba 1765, miezi minane tu tangu aliposhuka melini. Daftari la padri linasema alizikwa kwenye kambi iliyoitwa kwa jina lake.

"Loreauville ni jina la mwasisi, na kumbukumbu zote ziko New Iberia"

Eneo hili kwanza liliitwa Fausse Pointe, kwa sababu ya kona kubwa ambayo bayou inaikata hapa. Baadaye kijiji kiliwahi kuitwa Picouville na pia Dugasville, kufuata koo zilizokuwa na nguvu. Ozaire Loreau, aliyeachia jina la leo, alikuwa mwenye mashamba wa karne ya 19 anayekumbukwa kwa kutoa ardhi ya kanisa. Beausoleil alikuwa amekwisha kuoza kaburini zamani.

Suala la kumbukumbu linawasumbua sana wanaotafuta babu zao. Louisiana haina kaunti. Ina parokia, na neno hilo limebaki kutoka enzi za Kikatoliki ingawa sasa ni mamlaka ya serikali kabisa, yenye mahakama na ushuru wake. Parokia ya Iberia, ambamo Loreauville imo, iliundwa mwaka 1868 tu, kwa kumega parokia za St. Martin na St. Mary. Hati ya shamba ya kabla ya hapo usiitafute New Iberia, yalipo makao ya parokia hii.

"Wakazi wote ni damu ya Acadia"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, maana inabebwa na watu wenye nia njema.

Anza na majina ya ukoo. Broussard, Landry, Thibodeaux, Dugas: hayo ni ya Acadia kweli. Lakini Romero, Segura, Migues? Ni Wahispania kutoka Málaga, walioletwa na Francisco Bouligny mwaka 1779 na kuanzisha New Iberia, hapo jirani. Viator, ambalo mtu angeliapia kuwa Kifaransa, lilikuwa Villatoro. Schexnayder na Zeringue ni Wajerumani walioshuka kando ya Mississippi miaka mingi kabla ya Beausoleil kufika. Wote hao walioana, wakasali kanisa moja, wakazungumza Kifaransa, na baada ya vizazi vitatu mjukuu wa Mhispania akawa Mkejuni. Hata jina lenyewe limepitia mdomoni: Acadien ikawa Cadien, na wasemaji wa Kiingereza walipolisikia wakaliandika Cajun.

Kisha kuna wasiotajwa. Kabla ya wote, bonde hili lilikuwa la Waattakapa na Wachitimacha. Jina Teche linasemekana limetokana na neno la Kichitimacha la nyoka. Wachitimacha bado wapo, Charenton, chini zaidi ya mto huohuo. Na kuna watu weusi, ambao bila wao mashamba ya miwa yaliyotajirisha kingo za Teche yasingekuwepo. Hadithi ya Waakadia kama wakulima wadogo maskini wasiomdhuru mtu ni nzuri kusimulia, ila haivumilii kufungua madaftari. Baadhi yao walianza kununua watumwa katika kizazi kilekile kilichofukuzwa. Alexandre Mouton, mjukuu wa waliofukuzwa, aliyekuwa gavana wa Louisiana kuanzia 1843, alimiliki watumwa zaidi ya 100 kwenye shamba lake la miwa. Wengi wa Wakejuni hawakufikia utajiri huo, kweli, lakini mstari kati ya aliyefukuzwa na aliyemfanya mwenzake bidhaa ulivukwa mapema mno.

Ndiyo maana leo ukikutana na Broussard kusini mwa Louisiana usikimbilie kukisia rangi yake. Wapo Broussard weusi wengi, Wakatoliki, ambao mabibi zao walisema Kifaransa, au Kikrioli, lugha iliyotokana nacho, jikoni. Wengi wao hujiita Wakrioli. Loreauville ni yao pia.

"Idadi ya Wakejuni imeporomoka, sensa inaonyesha"

Mwaka 1990 zaidi ya watu 400,000 wa Louisiana waliiambia sensa kwamba asili yao ni Waakadia au Wakejuni. Mwaka 2000 waliobaki walikuwa chini ya 50,000. Ukiichukua namba hii ilivyo utadhani kulikuwa na tauni.

Kilichotokea kilikuwa kwenye karatasi. Swali la asili kwenye fomu huambatana na mifano michache ya kumkumbusha mtu. Fomu ya 1990 ilikuwa na neno Cajun kati ya mifano hiyo. Fomu ya 2000 ililiondoa. Mtu aliyekaa mezani na kalamu akaandika Mfaransa, au Mmarekani, au akaacha wazi, akaenda kula. Hakuna aliyekufa wala kuhama. Namba ya sensa hujibu swali lililoulizwa, kwa maneno yaliyoulizwa nayo, na kwa kabila ambalo mipaka yake ni jiko, kanisa na lugha ya bibi, maneno hayo ndiyo kila kitu.

Hesabu ya kijiji nayo ina mtego wake. Loreauville inaitwa kijiji kisheria: Louisiana huita kijiji mahali penye wakazi wasiozidi 1,000, mji mdogo hadi kufikia 5,000, na kuanzia hapo ni jiji. Wanaohesabiwa ni walio ndani ya mpaka wa halmashauri pekee. Nyumba iliyoko shambani, nje kidogo ya mstari huo, haimo, hata kama mwenyewe anasali hapa na kusomesha hapa. Akiulizwa anatoka wapi atasema Loreauville bila kusita.

"Wanaishi kwenye vinamasi, wanawinda mamba"

Vinamasi vipo, mashariki, kwenye bonde la Atchafalaya, na wapo Wakejuni walioishi humo kwa uvuvi. Gharika kuu ya 1927 na matuta yaliyojengwa baada yake yaliwatoa wengi. Lakini Loreauville imekaa juu ya kingo za Teche, tuta la asili ambalo mto umelijenga kwa tope lake kwa karne nyingi. Ardhi hiyo ni kavu na ina rutuba. Ni ya ng'ombe kwanza, kisha miwa. Kutoka kwenye miwa kijiji kikaingia kwenye alumini: tangu visima vya mafuta vilipoanza kuchimbwa mbali na pwani katika Ghuba ya Mexico, mwaka 1947, karakana za hapa zimekuwa zikiunda boti za kupeleka wafanyakazi kwenye mitambo hiyo. Mchomeleaji wa vyuma ni picha ya kweli zaidi ya Mkejuni wa Loreauville kuliko mwindaji wa mamba wa kwenye televisheni, ila hakuna anayekata tiketi kumtazama akichomelea.

"Kifaransa chao kimevunjika"

Kifaransa chao kilikaa mbali na Paris, basi. Kimehifadhi maneno ambayo Paris iliyatupa, na kimebeba mengine ya mabaharia. Mkejuni akimwambia mtoto afunge kamba za viatu hutumia neno *amarrer*, ambalo kwa Mfaransa ni kufunga chombo gatini.

Kilichovunjwa ni ukoo wa wasemaji. Sheria ya 1916 iliwalazimisha watoto wote kwenda shule, na katiba ya jimbo ya 1921 ikasema shule ifundishe kwa Kiingereza. Watoto walioingia darasani bila neno moja la Kiingereza waliadhibiwa kwa kusema lugha pekee waliyoijua; wengi waliandikishwa mistari wakiahidi kutoisema tena. Msomaji aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani hahitaji maelezo zaidi. Watoto hao walipokua wazazi, waliamua wanao wasipitie hayo. Jimbo liliunda chombo cha kukiendeleza Kifaransa mwaka 1968, wakati kizazi kimoja kilikwisha kupotea.

"Evangeline alizikwa hapa karibu"

Hakuwahi kuzaliwa. Ni msichana wa Kiakadia katika shairi la 1847 la Longfellow, mshairi wa Marekani. Kaburi na sanamu vilivyoko St. Martinville ni vya kweli kama jiwe, na sura ya sanamu ni ya mwigizaji wa Kimexico, Dolores del Río, aliyeigiza nafasi hiyo katika filamu ya 1929.

"Zydeco ni muziki wa Wakejuni"

Wa Wakejuni una fidla na kodiani ndogo ya vitufe. Zydeco ni wa Wakrioli weusi, una bluzi ndani yake na ubao wa bati unaokwaruzwa kifuani. Majirani hawa wameazimana nyimbo miaka yote, hivyo mkanganyiko unaeleweka, lakini mwenye zydeco ana jina: Clifton Chenier, aliyezaliwa karibu na Opelousas mwaka 1925, akakata miwa huku New Iberia ujanani, na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 1984.

Wanaakiolojia wa chuo kikuu cha Louisiana kilichopo Lafayette wamechimba na kupima mashamba ya hapa wakitafuta kambi ya Beausoleil na makaburi ya 1765. La Beausoleil halijulikani lilipo. Mgeni anayekuja Loreauville kutafuta kaburi maarufu huelekezwa makaburi ya All Souls, na huko analikuta la Chenier.