Mzigo wa akili ni nini, na unahusiana vipi na slaidi zako

Mzigo wa akili ni ile kazi ambayo ubongo unaibeba kwa wakati mmoja mtu anapojaribu kuelewa kitu. Dhana hii iliendelezwa na John Sweller, mwanasaikolojia wa Australia, kuanzia miaka ya 1980, yeye alikuwa anaangalia wanafunzi wanavyojifunza ila kwa anayetoa prezentesheni ndo inamhusu kabisa.

Iko hivi: kila unachosema, kabla hakijakaa kichwani kwa msikilizaji, lazima kipite kwanza kwenye kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, na hapo nafasi ni finyu mno. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 aliandika kwamba tunashika vitu 7 hivi, mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akasema ni kama 4 tu. Vinne, na wewe slaidi yako ina mistari 12! Halafu "kitu" kinategemea mtu anajua nini: herufi U, K, I, M, W, I kwako ni neno moja, kwa asiyejua Kiswahili ni vitu 6 tofauti, ndo maana mada nyepesi kwako inaweza kumchosha mgeni wa fani yako ndani ya dakika chache.

Sasa shida kubwa ni maandishi. Mtu akisoma kimoyomoyo, maneno yanageuka sauti ya ndani, na hiyo sauti inagombania njia moja na sauti yako wewe unayeongea, kwa hiyo ukiweka aya nzima ukutani huku unaendelea kuongea unawalazimisha watu wachague, na wengi watasoma tu. Kuwasomea slaidi neno kwa neno nako hakusaidii kama tunavyodhani. Majaribio ya mwanasaikolojia Richard Mayer yalionyesha kuwa waliopewa picha na maelezo ya sauti walielewa vizuri kuliko waliopewa picha, sauti, na maandishi yaleyale juu yake.

Picha inapita njia ya macho, haigombani na sauti yako. Lakini iwe inaeleza jambo, maana picha ya urembo tu nayo ni mzigo.

Ugumu wa mada yenyewe huwezi kuufuta, unaweza kuugawa tu vipande. Ila huu mzigo wa kujiongezea, fonti tano, grafu tatu kwenye slaidi moja, vitu vinavyorukaruka, toa wote. Na kama lazima waisome nukuu fulani, iweke, nyamaza, waache wamalize ndo uendelee.