Jino la mtoto halitobolewi na mdudu

Tunapokaribia Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, kliniki yetu inaendelea kupokea watoto wa miaka miwili na mitatu ambao meno yao ya mbele ya juu yamebaki visiki vyeusi, na wazazi wao wanaomba tuwatoe mdudu. Hakuna mdudu ndani ya jino. Anayemfukiza mtoto moshi wa mbegu kisha akamwonyesha mzazi kijidudu anamdanganya, na maelezo haya tumeyarudia mno.

Wanaotoboa jino ni bakteria, hasa Streptococcus mutans, ambao mtoto huwapata kwa mate ya wanaomlea, aghalabu mama anapoonja uji kwa kijiko kilekile. Hatumlaumu mama kwa hilo. Tunachosema ni kwamba akitibiwa meno yake yaliyotoboka, hata akiwa mjamzito, anamkinga pia mwanawe. Bakteria hao hukaa kwenye ukoga na kugeuza sukari kuwa asidi, na pH ya kinywa (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapoongezeka) ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya gamba la jino huanza kuyeyuka, kisha mate huchukua nusu saa au zaidi kurekebisha hali. Mtoto anayelala na chupa ya juisi au maziwa yaliyotiwa sukari hapati nafuu hiyo, kwa sababu usingizini mate hupungua na kinywaji hutuama kwenye meno ya juu, wakati yale ya chini hufunikwa na ulimi.

Dalili ya kwanza si tundu, bali ni mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi. Katika hatua hiyo, dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza sukari vinaweza kulirudishia jino madini yake. Kiasi cha punje ya mchele kinamtosha aliye chini ya miaka mitatu, asubuhi na usiku, na anayeshika mswaki ni mzazi.

Wapo wanaosema meno ya utoto yatang'oka tu. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na mtoto asiyeweza kutafuna kwa maumivu halali wala hali vizuri katika miaka yote hiyo.

Tundu dogo huzibwa bila mashine, kwa kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, njia iliyoanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Katika vituo vya serikali, watoto walio chini ya miaka mitano wamo kwenye msamaha wa gharama. Mzazi aje na kadi ya kliniki, aandikishe mapokezi kwanza na kufunguliwa faili, ndipo aje chumba cha meno. Akianzia kwetu atarudishwa mapokezi. Jino likihitaji kung'olewa, fomu ya ridhaa hutiwa saini na mzazi au mlezi halali kabla ya ganzi. Dada wa kazi au kaka mwenye miaka 15 hawezi kuitia saini, hata kama ametumwa na ujumbe wa simu, na hatutafanya kazi bila fomu hiyo.

Mtoto aliyevimba shavu na kuwa na homa asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe idara ya dharura siku hiyohiyo, hata usiku, kwa kuwa maambukizi ya jino yanaweza kusambaa shingoni na kuziba njia ya hewa.