Kwa nini Waanglikana wa Uingereza walimtuma Mjerumani Mombasa?

Je, wajua kwamba mmisionari wa kwanza wa CMS (Church Missionary Society), chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, kufika Mombasa hakuwa Mwingereza? Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844, alizaliwa Württemberg na kusomea Basel, Uswisi. Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846 na kufanya naye kazi Rabai, karibu na Mombasa, alitoka Württemberg pia.

Wengi hujibu haraka kwamba ni ukoloni wa Kijerumani. Jibu hilo halisimami. Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta koloni Afrika Mashariki, alikuja kusaka mikataba mwaka 1884, miaka 40 baada ya Krapf, na Ujerumani yenyewe iliungana kuwa dola moja mwaka 1871. Württemberg ya Krapf ilikuwa ufalme unaojitegemea. Tena CMS haikuwa idara ya serikali ya London, wala hata ya Kanisa. Iliundwa tarehe 12 Aprili 1799, katika nyumba ya wageni mjini London, na makasisi na walei wachache wa mrengo wa kiinjili wakiongozwa na John Venn, kasisi wa Clapham. Maaskofu wengi waliwashuku watu wa mrengo huo. Chama kilipomwomba Askofu Mkuu wa Canterbury baraka, kilisubiri jibu zaidi ya mwaka, nalo likaja la tahadhari tupu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa namna ukasisi ulivyotolewa. Fikiria daladala yenye kibali cha Mwenge–Kariakoo. Gari zima, dereva ana leseni, abiria wapo. Lakini kibali kimetaja njia, na nje ya njia hiyo haliruhusiwi kupakia mtu. Na kama uendako hakujawahi kupangiwa njia, hakuna hata kibali cha kuomba. Kwa sheria za Kanisa za mwaka 1604, askofu hakupaswa kumwekea mtu mikono, yaani kumfanya kasisi, bila kituo maalumu cha kutumikia. Pwani ya Afrika Magharibi, CMS ilikotaka kuanzia, haikuwa parishi ya yeyote.

Venn alipendekeza watumwe walei kama makatekista. Wazo likapingwa, likaachwa. Ndipo chama kikageukia Berlin, kwenye shule ya wamisionari ya mchungaji Johannes Jänicke. Huko walipatikana Walutheri, ambao hawakuhitaji kuwekewa mikono na askofu wa Kiingereza, na Waanglikana walikuwa wamekwisha kugharimia Walutheri India Kusini tangu karne ya 18. Mwaka 1804 Melchior Renner na Peter Hartwig, Wajerumani wote wawili, wakaenda Sierra Leone.

Hata hivyo sheria peke yake haielezi yote. Charles Simeon, kasisi wa kiinjili wa Cambridge, alihimiza sana vijana wake, lakini wasomi waliojitolea walikuwa haba. Henry Martyn, mwanafunzi wake mashuhuri, alikwenda India mwaka 1805 kama kasisi wa Kampuni ya India Mashariki, yaani kwenye kituo chenye mshahara. Sheria ya 1819 ililegeza mambo kwa kuruhusu makasisi kuwekewa mikono kwa ajili ya makoloni, na mwaka 1825 CMS ikafungua chuo chake Islington, alikopitia Rebmann. Lakini kufikia hapo njia ya kuchukua wamisionari waliosomea Basel, kama Krapf, ilikuwa imezoeleka.

Kutoka katika uzoefu huo wa chama cha hiari, Henry Venn, mwana wa John na katibu wa CMS kuanzia 1841 hadi 1872, alijenga fundisho lake: kanisa changa lijitawale, lijitegemee kwa fedha, lijieneze lenyewe, na mmisionari aondoke. Mwaka 1864 Samuel Ajayi Crowther, Myoruba, akawekwa wakfu Canterbury kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa la Anglikana. Crowther alipokuwa akisoma chuo cha Fourah Bay, Sierra Leone, mkuu wa chuo hicho alikuwa Charles Haensel, Mjerumani wa Kilutheri.