Tovuti iliyofichwa jina la mwenyewe si lazima iwe ya matapeli

Wengi huamini kwamba ukitafuta mmiliki wa tovuti kwenye WHOIS, ile rejista ya wazi ya majina ya tovuti, ukakuta jina limefichwa, basi hao ni matapeli.

Zamani dalili hiyo ilikuwa na uzito kiasi. Jina, anwani na simu ya aliyesajili vilikaa wazi, hata kama ni mama anayeuza keki nyumbani kwake, na watuma barua taka walivivuna watakavyo. Tarehe 25 Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika. Wauzaji wengi wa majina ya tovuti wakaona heri wafiche taarifa za wateja wao wote, wawe Ulaya au kwingineko. Mwenye sababu ya msingi, kama polisi au aliyeibiwa nembo ya biashara, bado anaweza kuziomba kwa muuzaji.

Tena hata enzi zile za uwazi, taarifa alijaza aliyesajili tovuti mwenyewe. Tapeli hakushindwa kubuni jina.

Kilichobaki wazi ndicho cha kuchungulia. Andika jina la tovuti kwenye ukurasa wowote wa kutafutia WHOIS, kisha tazama tarehe ya kusajiliwa. Duka linalojisifu kwa miaka 15 ya kazi huku jina lake lina wiki tatu, hapo shtuka. Umri mkubwa nao si kinga, maana majina ya zamani huuzwa. Chini yake kwa kawaida utakuta barua pepe ya muuzaji ya kupokea malalamiko.