Ukihamia kijijini Usukumani, Kiswahili chako kiweke pembeni kidogo

Nafundisha Kisukuma wageni wanaokuja kukaa vijijini huku kwetu, Misungwi, Magu, Kwimba, wengi ni wa kujitolea kutoka Marekani, Ujerumani na kwingineko, na karibu wote wanafika na Kiswahili kizuri tu cha darasani. Hapo ndo shida inapoanzia. Mgeni akianza na Kiswahili kijiji kizima kinamjibu Kiswahili, sio ubaya, ni ukarimu, hawataki ahangaike, ila mwaka unakatika bado anaongea na mtendaji, walimu na vijana wa bodaboda, wale mabibi jirani wanaojua kila kitu cha kijiji hajawahi kupiga nao stori hata siku moja.

Kwa hyo nawaambia tafuta kaya moja, kubalianeni kabisa kwamba humo ndani ni Kisukuma tu. Alafu usiende na daftari, nenda ukafanye kazi. Kiangazi akina mama wanakaa kutwa wanakata viazi vya michembe, yani viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, maneno ni yale yale yanajirudia, leta, kata, anika, geuza, we mtoto fukuza kuku hao, na mkono wako unafanya kile sikio linachosikia. Kesho wanachemsha vya matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza ndo vikatwe na kuanikwa, maneno mengine hayo, na hakuna aliyekutafsiria.

Sikio litachelewa, lazima niseme ukweli. Kiswahili kina irabu 5, Kisukuma 7, yani kuna i mbili na u mbili ambazo mgeni anazisikia sawa, bado toni, yani sauti kupanda na kushuka, bado zile nh za munhu (mtu) na banhu (watu) ambazo pumzi inapitia puani. Kwenye meseji watu wengi hawazitofautishi hizo irabu kabisa, kwa hyo maandishi hayatakusaidia sana, omba ruhusa urekodi sauti usikilize usiku.

Salamu usizikatishe jamani!! Mwangaluka asubuhi, mwadila kuanzia mchana, utaulizwa nyumbani, mvua, ng'ombe, jibu zote na wewe uliza, hayo ni mazoezi ya bure kila njia unayopita.

Kuhusu malipo, kwa mama mwenye nyumba mimi napendelea upeleke sukari, sabuni, na nguvu zako shambani. Ukianza kumlipa kwa saa anajiona mwalimu, anakaa sawa, anaongea taratibu, anakuchagulia maneno, wakati wewe unachotaka ni aongee kama anavyoongea na dada yake.