Duka la Usita wa Mui: yanayosemwa na yaliyo kweli

Duka la mawe la Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, kwa kawaida ni majengo matatu yaliyovaana. Ndani kabisa mna nyumba ya mawe, chokaa na boriti. Juu yake pana uso wa duka, uliotobolewa baadaye wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walipoijaza njia hii maduka. Nje kabisa ni plasta ya saruji, mlango wa chuma wa kuviringisha na rangi ya mafuta, kazi za miaka ya karibuni. Mwenye nyumba akitangaza tu kwamba anataka kulitengeneza, ushauri humwagika kutoka kila baraza. Mwingine ni mzuri. Huu tulioukusanya hapa ndio unaoangusha nyumba.

"Kurudisha ni kuifanya iwe kama siku ya kwanza"

Siku ya kwanza ipi? Milango ya mbao ya kukunja iliyowekwa duka lilipofunguliwa nayo ni historia ya mji, pengine yenye thamani kuliko ukuta mtupu uliokuwapo kabla yake. Tazama nyumba ya posta ya Wajerumani iliyoko njia hiyohiyo. Posta yenyewe ilifanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891 tu, lakini ni miaka hiyo michache iliyoipa nyumba jina, na leo ni makumbusho. Fundi angeifuta alama ya posta ili "airudishe asili", mji ungebaki na nyumba moja zaidi isiyo na habari.

Kabla ya kubomoa chochote, soma ukuta. Kwangua plasta vipande vidogo vya sentimita 10 kwa 10, hasa kandokando ya mlango na chini ya dari. Ukiona mstari wa wima ulionyooka kati ya mawe, hapo palikuwa na ukingo wa uwazi wa zamani. Ukikuta tumbawe jepesi lililochongwa laini katikati ya mawe magumu ya kawaida, hiyo ni fremu ya mlango au mabaki ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Piga picha kila kipande, futi ikiwa imewekwa ndani ya picha, kisha chora ramani ya ukuta mzima. Penye ushahidi, rudisha. Pasipo ushahidi, usibuni. Zidaka mpya zilizochongwa mahali ambapo hazikuwahi kuwapo zitamdanganya kila atakayekuja baada yako.

"Saruji ina nguvu kuliko chokaa, kwa hiyo inalinda zaidi"

Hili ndilo lililoharibu kuta nyingi, na wanaolisema hawana nia mbaya. Saruji kweli ni ngumu kuliko chokaa. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe, unene wake kama nusu mita, hauhitaji ganda gumu. Unahitaji kupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, nao hubeba chumvi. Kwenye plasta ya chokaa maji hutoka nje kama mvuke na chumvi hubaki juu juu, ambapo inafagilika. Kwenye saruji maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi huganda nyuma ya plasta, ndani ya jiwe lenyewe. Kila inapoganda hutanuka, na jiwe huwa unga. Ndiyo maana plasta ya saruji hufutuka, ukiigonga inalia kama debe tupu, na ikidondoka inaondoka na uso wa ukuta. Wakati huohuo ncha za boriti zilizozikwa ukutani zimekaa katika unyevu usiokauka, zikioza bila mtu kujua.

Lakini usikimbilie kuibandua yote. Gonga kwa kipini cha nyundo, weka alama ya chaki palipo tupu, uanzie hapo. Tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, ukiilaza tindo kwa mshazari, kamwe si mashine ya kutoboa. Mahali saruji imeshika kiasi kwamba inang'oka na jiwe, iache. Madhara ya kuing'oa ni makubwa kuliko ya kuisubiri ilegee yenyewe.

Ukuta ukishakuwa wazi, fagia chumvi kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Subiri ukuta ukauke, na hapa tunazungumzia miezi, si wiki. Mwenye duka hapendi kusikia hivyo, ila anayepiga plasta juu ya ukuta uliolowa atarudia kazi.

Mchanganyiko wa kuanzia ni ndoo 1 ya chokaa iliyoloweshwa kwa ndoo 3 za mchanga mkali. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na maji ya kisima chenye chumvi ni vilevile. Ukivitumia umejaza ukuta ugonjwa uleule uliokuwa ukiutoa. Vilima vya mchanga vya Shela navyo si machimbo: ndivyo vinavyohifadhi maji ya kunywa ya mji. Chokaa ya kuchomwa hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka machoni. Vaa miwani. Kisha iache shimoni, imefunikwa na maji, angalau miezi 3. Kama huna budi kutumia ya mfuko, hakikisha mfuko ni mpya na haujafunguliwa, kisha uiloweke usiku kucha kabla ya kuchanganya. Mfuko uliokaa wazi umeshavuta hewa na umekuwa vumbi lisiloshika.

Lowesha ukuta, rusha tabaka la kwanza, na kila tabaka lisizidi unene wa sentimita 1. Usiongeze jingine mpaka ukucha wa kidole gumba ushindwe kutia alama. Sasa upepo. Kusi na kaskazi zote hukausha plasta kabla haijashika, nayo hupasuka nyufa kama utando wa buibui. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta na unyunyize maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Mwisho ni chokaa nyepesi ya kupaka, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki juu yake inaziba tena vinyweleo vyote ulivyohangaika kuvifungua.

"Vunja ukuta wa kati, duka lipanuke"

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu moja tu: boriti ya mkoko. Urefu wake wa kufaa huruhusu upana wa takriban mita 2.5 hadi 2.8. Ukuta wa kati unaouona kama kizuizi ndio uliobeba ncha za boriti za vyumba viwili, na juu yake huenda pana ukuta mwingine wa ghorofa. Ukiuondoa na kuweka chuma chembamba, mzigo wa ukuta mzima unahamia kwenye nukta mbili, juu ya msingi usio na kina uliojengwa kubeba mzigo ulioenea.

Uso wa duka una hadithi hiyohiyo. Uwazi ulipanuliwa, nguzo ya mawe ikaondolewa, kizingiti kikawekwa kifupi. Dalili ni ufa unaoanzia kwenye kona ya kizingiti na kupanda kwa mshazari. Kabla ya kuogopa, ujue kama ufa bado unatembea: ziba kwa kibandiko chembamba cha plasta ya jasi, andika tarehe juu yake, na urudi kila mwezi. Kibandiko kikipasuka, nyumba inasogea.

Kurudisha nguzo iliyoondolewa kuna mpangilio wake, na hauvunjwi. Kwanza egemeza boriti pande zote mbili za ukuta, mbao nene zikiwa chini na juu ya kila egemeo ili mzigo usitoboe sakafu. Pili, chimba uone msingi upo au ulikatwa. Tatu, jenga nguzo kwa mawe na chokaa, ukiisuka na ukuta wa zamani kila safu ya tatu. Usipande zaidi ya mita moja kwa siku, chokaa mbichi huteleza. Nafasi ya mwisho ya sentimita 2 chini ya kizingiti shindilia chokaa kavukavu pamoja na vigae vya mawe. Egemeo zibaki angalau wiki 4. Mafundi waliozoea saruji huzitoa baada ya wiki moja, na hapo ndipo ufa huzaliwa upya.

Mwenye biashara akihitaji uwazi mpana kwa kweli, aubakishe, lakini apewe kizingiti cha mbao ngumu kama bambakofi, kilichokaa sentimita 25 hadi 30 kila upande juu ya jiwe zima.

"Boriti zimeoza, mwaga slabu ya zege"

Mara nyingi zilizooza ni ncha tu, na si za boriti zote. Chomeka bisibisi kwenye boriti karibu na ukuta. Ikizama, imeoza, ikigoma, iko hai. Weka namba na uandike moja moja. Mbovu hubadilishwa moja kwa wakati mmoja: egemeza za jirani, panua tundu upande mmoja, ingiza boriti mpya ndani sana, kisha ivute irudi mpaka iketi sentimita 15 au zaidi pande zote mbili. Nunua boriti ya mkataji mwenye kibali, imenyooka, imemenywa ganda na kukaushwa kivulini. Ganda ndilo makazi ya wadudu. Acha hewa kidogo kuzunguka ncha, usiizike kwenye saruji.

Kasoro ya slabu si uzito, maana sakafu ya jadi ya mawe na chokaa nayo ni nzito. Kasoro ni kwamba unakata mfereji kuuzunguka ukuta mzima, unatoa boriti zote zilizokuwa zikizishika kuta pamoja, na unaweka nondo kwenye hewa ya bahari. Nondo hushika kutu, kutu hutanuka, zege hupasuka kutoka ndani.

Kazi yoyote ya kufungua sakafu ya juu ifanywe wakati wa kaskazi, iishe kabla ya masika.

"Mji ni urithi wa dunia, kwa hiyo nyumba si yako tena"

Nyumba ni yako. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na hilo halikubadilisha hati ya mtu. Kinachokubana ni sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006: pata idhini ya Makavazi ya Taifa pamoja na ya kaunti kabla ya kugusa uso wa nyumba. Duka likiwa la wakfu, anza kwa mutawalli, msimamizi wa wakfu huo. Mpangaji anayetoboa ukuta wa wakfu kwa gharama zake mwenyewe hapati haki yoyote kwa hilo.

"Ikishapona itabeba biashara yoyote"

Hapa ndipo kazi nzuri hupotea. Uliza jengo linaweza nini kwanza, ndipo utafute mpangaji. Duka la vitambaa, ofisi, fundi cherehani, mkahawa mdogo wenye jiko uani, na familia juu: haya yote nyumba inayajua. Ghala la ghorofani hailijui. Magunia 40 ya mchele ya kilo 50 ni tani 2 kwenye chumba kimoja. Stoo ya samaki wa chumvi hurudisha ukutani chumvi uliyoifagia. Kiyoyozi kinachodondoshea maji ukutani hufanya kazi ya mvua mwaka mzima.

Wanaofungua nyumba za wageni hukosea kwenye maji. Tangi la lita 5,000 juu ya paa ni tani 5 kabla hujahesabu tangi lenyewe, na kwa kawaida huwekwa katikati ya chumba, pale boriti zilipo dhaifu kuliko kote. Tangi kubwa likae chini uani, pampu ipandishe maji kwenye tangi dogo lililokaa juu ya makutano ya kuta mbili. Bafu za ghorofa zote zipangwe moja juu ya nyingine, pale choo cha zamani kilipokuwa, na mabomba yapite nje ya ukuta, mahali ambapo tone la kwanza litaonekana.