Kwa nini bakuli la udongo hulipuka ndani ya tanuru?

Kwa miaka jibu langu lilikuwa moja: hewa. Nililihubiri hapa Bagamoyo mbele ya wanafunzi waliokuwa wakifinyanga mabakuli ya harambee ya chakula. "Kandeni! Kipovu kimoja kikibaki, tumekwisha." Walikanda mpaka viganja vikawauma. Mabakuli yakalipuka vilevile.

(Harambee ya namna hii ilianzia Michigan, Marekani, mwaka 1990: mwalimu wa sanaa na wanafunzi wake walifinyanga mabakuli, wageni wakanywa supu na kuchangia wenye njaa, kisha kila mmoja akaenda na bakuli lake tupu.)

Hewa inasingiziwa. Ipashe mpaka nyuzijoto 600, itatanuka karibu mara tatu tu, na udongo usioiva una vitundu vya kuipitisha. Mkate umejaa hewa tele, na sijasikia umemlipukia mtu. Mkosaji ni maji: yakigeuka mvuke hudai nafasi kama mara 1,700 ya ile ya awali.

Tazama bisi. Ndani ya punje ya mahindi mna maji kidogo, nje ganda gumu. Moto ukikolea, mvuke hukosa pa kutokea, paa! Bakuli lenye kitako kinene ni punje kubwa, ila lenyewe halijaziba kabisa. Mvuke hutoka kama watu msikitini baada ya sala ya Ijumaa: wakitoka taratibu, mlango mmoja unatosha; wakikurupuka wote, mlango unang'oka. Kuharakisha moto ndiko kuwakurupusha. Mchanga au vigae vilivyosagwa, ambavyo wafinyanzi huchanganya kwenye udongo, ni milango ya ziada. Mfinyanzi hulia gaeni, sawa, lakini gae lina kazi zaidi ya hiyo.

Kukanda hakujawa upuuzi. Kipovu hudhoofisha ukuta wa bakuli, na unyevu unaweza kujificha humo. Ila bakuli lenye kipovu likikauka barabara, huiva salama.

Na kukauka ndiyo shughuli yenyewe kwetu pwani, hasa masika. Bakuli limepauka, linaonekana kavu, kumbe kitako kina maji. Liweke shavuni: likikutia baridi, maji bado yanatoka. Hata lisipotia baridi, hewa ya bahari huliachia unyevu kidogo, kwa hiyo tunalipasha kwanza saa kadhaa chini ya nyuzijoto 100.

Siku ya kuchoma utawajua wanafunzi wangu kwa vumbi la udongo kwenye shavu moja.